Nilimpiga Mtani Wangu Golini

Nilimpiga mtani wangu. Nilimpiga akiwa amelala chali, hana hata kijiti mkononi, na anacheka. Naanza na hilo kabisa, usije ukasoma hadi katikati ukaanza kunionea huruma. Huruma mpe yeye.

Jina langu halitakusaidia kitu. Mimi ni Mgogo wa Haneti, na siku hizi nalinda eneo la ujenzi kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Wenzangu wakianza kubishana habari za mpira mimi huinuka nikazungukia uzio. Wanadhani siujui mpira. Ningewaambia nilikuwa kipa, wangeniuliza wa timu gani, na hapo ndipo pangekuwa na kazi.

Timu yetu tuliiita Mnadani kwa sababu ilizaliwa mnadani. Wachunga ng'ombe na wapakiaji wa malori walikuwa wakizichapa kila siku ya mnada, kavukavu, kwa sababu ya pombe au kwa sababu ya hakuna. Mchinjaji mmoja akachoka kuona watu wakimwaga damu mbele ya bucha lake. Akasema kama mna nguvu hivyo, pigeni mpira. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wetu mpaka mwisho.

Mpira wenyewe hatukuwa nao. Aliyetuletea alikuwa Shabani.

Shabani ni Mrangi wa Kondoa. Alikuwa anauza mitumba, na kila siku ya mnada alishuka na basi la asubuhi na marobota yake. Hata mguu haujagusa chini alikuwa ameshaanza, kwa salamu yetu ya Kigogo: "Mbukwenyi, ombaomba! Nimewaletea nguo, leo mjifunze kuvaa." Mimi namjibu: "Karibu, Mrangi. Mke wangu hajambo huko Kondoa? Mwambie avumilie, ukifa tu nafika." Watu wanacheka, mnada unaanza.

Kama hujakulia huku labda hujui. Kwetu Wagogo na Warangi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akaondoka na jogoo wako, na wewe ukacheka. Msibani ndiyo kabisa, mtani ana kazi yake. Anamwigiza marehemu, anazuia watu njia, anawachokoza wafiwa mpaka wacheke na machozi yako mashavuni. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe. Hilo hatufundishwi, tunalikuta nyumbani.

Baba yangu alipofariki, Shabani alitangulia kuingia kaburini kabla jeneza halijashushwa. Alilala chali na kanzu yake nyeupe, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Sitoki," akasema. "Huyu mzee anasikia baridi, hawezi kulala peke yake. Sitoki mpaka nipewe kuku." Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uingie. Alicheka mpaka akashikwa asianguke. Kuku akaletwa, Shabani akatoka na udongo mgongoni, tukamzika mzee. Jioni ile mama alikula. Sikumshukuru Shabani, maana mtani hashukuriwi, anatukanwa tu vizuri zaidi.

Basi huyo ndiye aliyetupa mpira wa kwanza, ameuchomoa kwenye robota. Na jezi alitoa yeye pia, fulana za njano zenye maandishi ya kigeni mgongoni ambayo mpaka leo hakuna anayejua yalisema nini. Alisema zimeandikwa "Wagogo hawajui mpira." Tulicheza nazo miaka yote.

Sasa nikuambie timu yenyewe ilikuwaje, bila kuipamba. Tulikuwa wakali wa ngumi kuliko miguu. Timu zilizokuja Haneti zilikuja na roho mkononi. Kuna refa mmoja tulimkimbiza mpaka akajifungia ndani ya lori la ng'ombe, akakaa humo na ng'ombe mpaka jua linazama. Kuna mshika kibendera nilimng'oa jino mimi mwenyewe, kwa mkono huu ninaoandikia, kwa sababu aliinua kibendera wakati mimi nilitaka akae nacho chini. Tulifungiwa, tukafunguliwa, tukafungiwa tena. Hatukuona haya. Vijiweni tulisimulia ngumi zetu kuliko mabao, na mimi nilikuwa msimuliaji mkubwa.

Halafu goti langu likaenda. Mshambuliaji mmoja aliniingia na daluga wakati nimeshaukumbatia mpira, nikasikia kitu kinakatika. Tangu siku hiyo sijawahi kukimbia. Nilikaa nyumbani msimu mzima, nimenuna, nasikia kelele za uwanjani nikiwa kitandani. Mwenyekiti akanionea huruma, akanipa ukuu wa makomandoo.

Anayejua ligi za madaraja ya chini anaelewa. Makomandoo ni wale watu wa timu wanaolinda uwanja kabla ya mechi, wapinzani wasije wakafukia vitu vyao. Wanasimama mlangoni, wanasimama golini, na mkononi wana rungu. Wanapokea maagizo kwa kamati ya ufundi. Na kamati ya ufundi usidhani ni makocha. Hao ni wazee wawili watatu wanaotumwa kwa mganga.

Nilikuwa simpendi mganga, lakini rungu nililipenda. Nilikuwa kilema mwenye goti bovu, na nikishika rungu watu walinipisha.

Pamoja na ujinga wetu wote, tulipanda. Vijana wazuri walipatikana, tukatoka ligi ya wilaya tukaingia ya mkoa, na msimu huo wa mwisho tukabaki sisi na timu moja ya Kondoa. Mechi ilikuwa kwetu. Tukishinda tunapanda daraja, tunaanza kusafiri mikoani na basi kama watu wenye timu. Haneti nzima ilikuwa haizungumzi kitu kingine. Mama yangu, ambaye hakuwahi kujua kona ni nini, alikaanga karanga akaenda kuuza uwanjani ili tu awepo.

Kamati ya ufundi ikarudi kutoka kwa mganga na neno. Mganga amesema atakuja mtu kutoka Kondoa na kitu cheupe. Kitu hicho kikigusa mstari wa goli letu, Mnadani tumekwisha.

Mwenyekiti alituita nyuma ya bucha. Alinikazia macho mimi. "Golini asifike mtu," akasema. "Awe nani."

"Awe nani," nikajibu.

Siku ya mechi watu wa Kondoa walifika saa saba mchana, wamejaa kwenye malori mawili, wanapiga ngoma. Jua kali, vumbi jekundu, uwanja umejaa pande zote. Mimi na wenzangu tulisimama nyuma ya goli. Nilikuwa nimelipaka rungu mafuta, sijui kwa nini.

Kidogo nikasikia kilio. Kilio cha msiba, cha kuigiza. Katika kundi la Kondoa anatoka Shabani, kanzu nyeupe, amejitwika ungo kichwani, na nyuma yake watu wanalia kwa kucheka. "Poleni wafiwa!" anapaza sauti. "Nani kafa? Kafa Mnadani! Alikuwa anaumwa muda mrefu!"

Akaja moja kwa moja kwenye goli letu. Wenzangu wawili wakasita, wanamjua. Kila mtu Haneti anamjua. Akapita katikati yao, akatia mkono kwenye ungo, akanyunyiza unga mweupe kwenye mstari wa goli, kutoka mlingoti hadi mlingoti. Kisha akaweka ungo pembeni, akalala chali juu ya mstari, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Sitoki," akasema. "Sitoki mpaka nipewe kuku."

Uwanja mzima ukacheka. Siyo wa Kondoa tu, hata wetu walicheka. Nikamsikia mama yangu kule kwenye karanga zake, sauti yake naijua: "Mpeni kuku huyo Mrangi atoke, watoto wacheze!"

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Nilijua. Usije ukasema masikini, alidanganywa na mganga. Nilijua ni utani. Nilikuwepo kwenye kaburi la baba yangu, niliyaona maigizo yaleyale, maneno yaleyale. Sehemu moja ya moyo wangu tayari ilikuwa inatafuta tusi la kumjibu.

Lakini niliwaona watu wanacheka, na mimi nimesimama pale na rungu. Mwenyekiti alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo, hacheki. Na huyu mtu amelala mahali nilipokuwa nasimama mimi nilipokuwa na magoti mawili. Nikaona nikicheka na mimi, nimebaki kilema tu.

Nikampiga rungu la mbavu.

Alicheka! Haki ya Mungu, alicheka. Alidhani nimeingia kwenye mchezo. Bado amefumba macho, akasema, "Taratibu, mtani, marehemu anaumia."

Nikampiga la pili, la taya. Nikasikia mfupa. Akafungua macho, akanitazama. Mdomo ulikuwa hautamki vizuri lakini nilimwelewa, na ninamwelewa mpaka leo.

"Mtani," akasema, "umezidisha."

Ningeweza kuacha pale. Mtu akikuambia umezidisha maana yake bado anakuhesabu ni mtani wake. Bado alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Nilimpiga la tatu, likatua kwenye jicho.

Wenzangu walipoona damu nao wakaingia. Mateke, marungu, mmoja alimkanyaga mkono kwa makusudi nikaona vidole vikigeuka. Unga na damu vilichanganyika pale mstarini vikawa kama uji. Watu wa Kondoa wakavunja kamba, wakaja na mawe. Vijana wetu wakaja na fimbo za kuchungia. Sikuwahi kuona watu wakipigana vile, na mimi nimeona mengi. Winga wetu, mtoto wa watu, jezi ya njano imeingizwa vizuri kwenye bukta tayari kwa mechi, alikatwa panga la bega. Malori ya Kondoa yalipondwa vioo, mwanamke mmoja alikatwa usoni na kioo. Polisi walipofika walipiga mabomu ya machozi, tukawa tunatapika na huku tunapigana.

Mpira haukuchezwa hata dakika moja.

Moshi ulipopungua nilimwona mama. Alikuwa amekaa chini golini, kichwa cha Shabani kiko mapajani kwake, kitenge chake amemfunga usoni na kimelowa. Kila mtu alikuwa anakimbia, yeye amekaa. Akaniinulia macho.

"Umempiga mtani?" akaniuliza.

Hakuniuliza kama nimeua. Aliniuliza hilo tu, tena kwa sauti ya mtu asiyeelewa. Nikamwambia, "Mama, aliweka dawa golini."

Jioni nilirudi nyumbani na njaa. Mama alikuwa ameuokota ule ungo na unga uliobaki. Alisonga ugali, akaniwekea mezani na mlenda pembeni. "Kula," akasema. "Ndiyo dawa yenyewe." Ulikuwa sembe. Sembe ya kawaida ya mashine. Mama alisimama pale mpaka nikamaliza.

Shabani walimpeleka hospitali Dodoma. Jicho halikuokolewa. Taya liliungwa likakaa upande, na mkono wa kulia hauwezi tena kufunga robota. Polisi walipomhoji ni nani aliyempiga, alisema palikuwa na vumbi, hakuona.

Aliniona. Tulitazamana.

Na mimi, niseme ukweli wote maana nimeshaanza, nilipopata habari hiyo nilifurahi. Nilinunua soda. Nilijiona mjanja, nimepona. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba mtani hampeleki mtani wake polisi, na kwamba Shabani, akiwa na bandeji usoni, alikuwa bado anashika desturi ambayo mimi nilishaivunja kwa rungu.

Mnadani ilifutwa. Siyo kufungiwa, kufutwa. Vijana walitawanyika, wengine bodaboda, wengine migodini. Winga wetu hainui mkono juu ya bega. Uwanja ule siku hizi unalimwa alizeti, na milingoti ya goli watu waling'oa wakajengea zizi. Mwenyekiti mpaka anahama na bucha lake alikuwa anasema mganga alisema kweli, kitu cheupe kiligusa mstari na tukaisha. Kuna kipindi na mimi nilikuwa naitikia.

Wafanyabiashara wa Kondoa walikaa muda hawaji mnadani. Waliporudi, walirudi kimya. "Karibu mteja. Hii ni nzuri. Asante, karibu tena." Ndivyo wanavyouza Haneti mpaka leo. Unanunua shati unaondoka, hakuna aliyekuita ombaomba. Wanaokuja kutoka mjini wanasema wana adabu.

Mwaka huu mama yangu amelala kitandani. Ni mzee, mwili umechoka, na yeye mwenyewe anajua anakokwenda. Siku moja nimetoka Mtumba kumtazama, akaniambia, "Nenda Kondoa ukamlete mtani wangu. Sitaki kuzikwa na watu waliokaa kimya kama wako kituo cha polisi."

Nikaenda. Ndani ya basi nilikuwa naandaa tusi, nalibadilisha, nalirudia, midomo inacheza kama kichaa. Nilimkuta kwenye kibanda chake karibu na msikiti, anauza kofia na kandambili, vitu vyepesi. Amezeeka kuliko mimi, na tuko rika moja. Nikasimama mlangoni, nikajikaza.

"We Mrangi, bado hujafa? Mke wangu amechoka kunisubiri."

Aligeuza kichwa chote, ili jicho zima linipate. Kisha akainuka, akanifutia kiti vumbi.

"Karibu, kaka," akasema. "Karibu sana. Umefika salama?"

Akaagiza chai. Aliniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mvua. Alinimiminia yeye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia kushoto. Ningependa angenimwagia ile chai usoni.

Nilipiga magoti, lile bovu na lile zima. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilijua ni utani, kwamba sikupandwa na mashetani wala sikudanganywa na mtu. Akanishika bega akaniinua.

"Nilishakusamehe," akasema. "Zamani. Ningekwendaje kuswali na hilo rohoni?"

Nikangoja. Nilikuwa nangoja aongeze neno. Hata dogo, hata ombaomba tu. Hakuongeza.

"Basi nitukane," nikamwambia. "Shabani, nakuomba, nitukane."

Alifikiri. Nadhani alijaribu kweli, niliona taya lile lililopinda likitikisika.

"Utani ukiwa haupo, kaka, lile linabaki tusi," akasema. "Na mimi sina sababu ya kukutusi."

Nikamweleza habari za mama. Hilo lilimgusa, akajikuna chini ya kofia. Miaka yote Shabani alikuwa akimwita mama yangu "mke wangu", na mama alikuwa akimfukuza na mwiko. Akasema Mungu akimchukua nimpe taarifa, atakuja bila kukosa. Atakaa na wageni wengine, atatoa pole, na akiombwa kushika jembe atashika kwa huo mkono unaofanya kazi.

"Na kaburini?" nikamuuliza.

"Kaburini wataingia wanaohusika," akasema. Akanisindikiza mpaka kituoni, akanituma nimpe mama shikamoo yake, akasimama mpaka basi likaondoka.

Mama alikuwa macho nilipofika. "Amesemaje mtani wangu?"

Nilitaka kudanganya. Nilitafuta tusi la kumletea, lakini mama anaijua sauti ya Shabani kuliko mimi. Nikamwambia amesema shikamoo.

"Shikamoo?" mama akauliza. "Mimi?"

Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari za Kondoa.

Ndugu yangu unayesoma haya, labda na wewe umesimama mahali na rungu la timu yako, au la chama chako, au huna rungu, una mdomo na hasira tu. Atakuja mtu wa upande wa pili kukucheka mbele za watu, na damu itakuchemka, na nyuma yako atakuwepo mkubwa wa kukuambia awe nani. Mwache mtu huyo acheke. Usidhani ukimuumiza atakuja kulipiza, mkapigana, mkamaliza, mkarudi mlivyokuwa. Mtani ukimpiga hakurudishii. Anaanza kukuheshimu.